Mizani na Mkulima

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya Mkutano Mkuu wa wanachama, katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Kamati ya Sherehe imetuomba sisi wa idara ya ukaguzi tuseme maneno machache siku hii ya leo. Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za hisa, za maghala na za malori, nao wamezieleza vema kuliko tuwezavyo sisi. Kwa hiyo tumeona yafaa tuchague kitu kimoja tu, ambacho kila mwanachama amekiona mara nyingi asizoweza kuzihesabu, wala pengine hajapata kukiuliza: Wewe umetoka wapi, nawe wajuaje? Kitu hicho ni mizani.

Huenda wako watakaosema, mizani nayo ina habari gani? Mzigo hupandishwa, mshale huenda, karani huandika, basi. Lakini fikirini, ndugu zetu. Mkulima hulima, hupanda, hupalilia, hupiga dawa na kuchuma kwa muda wa nusu mwaka na zaidi. Kisha jasho lake lote hupita mahali pamoja, kwa dakika moja, juu ya kibao cha chuma. Dakika hiyo ikiwa ya kweli, nusu mwaka wake ni wa kweli. Dakika hiyo ikiwa ya uongo, hakuna mvua wala mbolea itakayomrudishia alichopoteza. Ndiyo sababu twasema kwamba moyo wa ushirika haumo ofisini wala benki, bali umo mizanini.

Tuanze na jambo la kale. Binadamu alipima kwa mizani kabla ya kutumia sarafu. Katika bonde la mto Indus, kwenye miji ya Harappa na Mohenjo-daro, wachimbuaji wa mambo ya kale wameokota mawe ya mizani yaliyochongwa kwa umbo la dadu, laini na safi, yenye umri wa miaka zaidi ya 4000. La ajabu ni kwamba mawe ya mji mmoja yalilingana na mawe ya mji mwingine uliokuwa mbali mamia ya maili. Wamisri wa kale nao walikuwa na mizani, na waliiheshimu hata wakachora kwamba mtu akifa, moyo wake hupimwa mbele ya miungu, na upande wa pili huwekwa unyoya. Vitabu vitakatifu vya dini zetu navyo vyamkemea vikali mwenye kupunja kipimo. Tangu zamani sana, basi, watu walitambua kwamba wizi wa mizani ni mbaya kuliko wizi wa usiku, kwa kuwa mwizi wa mizani huiba mchana, na mwenye mali amesimama akimtazama.

Mbegu za miti zilikuwa mawe ya kwanza ya watu wengi. Huko Bara Hindi masonara walipimia dhahabu kwa mbegu ndogo nyekundu zenye jicho jeusi, ambazo watoto wetu huziokota porini na kuzichezea. Katika nchi za bahari ya Mediterania walitumia kokwa za mti wa karuba, na kutokana na jina la kokwa hizo likapatikana neno karati, ambalo hata leo hutajwa na wauza almasi. Katika Afrika yetu, Waakan wa nchi iitwayo leo Ghana walipimia vumbi la dhahabu kwa mawe ya shaba yaliyofinyangwa kwa sura za ndege, samaki, mamba na watu. Kila mfanyabiashara alikuwa na mkoba wa mizani na mawe yake mwenyewe. Mnunuzi alipima, na muuzaji alipima. Tafadhali likumbukeni jambo hilo, kwa maana tutalirudia.

Pwani yetu nayo haikuwa nyuma. Lugha yenyewe yatushuhudia. Neno mizani tumelipata kwa Waarabu, pamoja na ratili, wakia na frasila. Frasila ilikuwa kama ratili 35, yaani karibu kilo 16, na kwa frasila ndiyo yalipimwa meno ya tembo na karafuu. Nafaka ilipimwa kwa kibaba, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Twasema kila siku kwamba haba na haba hujaza kibaba. Lakini wazee waliuliza swali jingine ambalo sisi tumelisahau: Kibaba kipi? Kwa kuwa kulikuwa na kibaba cha tele, kilichorundikwa mpaka kikafanya kilele, na kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa kwa mkono. Chombo ni kile kile, bali nafaka si ile ile.

Hila hiyo haikuwa ya nchi moja. Katika Ulaya ya zamani, mabwana wenye ardhi walizoea kupokea nafaka ya wakulima wao kwa kipimo cha tele, nao wakaiuza kwa kipimo cha mfuto. Yakadiriwa kwamba Ufaransa peke yake, kabla ya mapinduzi ya mwaka 1789, ilikuwa na vipimo mbalimbali vipatavyo 250,000, kila wilaya na chake. Mwaka huo wananchi walipotakiwa kuandika malalamiko yao, vijiji vingi viliomba kwamba nchi nzima iwe na uzito mmoja na kipimo kimoja. Ndipo wataalamu walipokaa kutafuta kipimo kisicho mali ya bwana yeyote. Wakachukua maji, ambayo Mungu amewapa watu wote: uzito wa lita moja ya maji safi ukaitwa kilo. Mwaka 1799 kilo hiyo ilitengenezwa kwa madini ya platini, ikawekwa katika hifadhi ya nyaraka za serikali. Basi kila mara karani wetu aandikapo “kilo”, huandika neno lililozaliwa kutokana na malalamiko ya wakulima.

Na leo, ndugu zetu, yule bwana wa kibaba cha tele amekufa? La, hajafa. Amebadili jina tu. Siku hizi aitwa lumbesa. Mnunuzi huja na gunia, huliunganishia kilemba cha nyavu juu yake, hulijaza mpaka likawa kama mtu aliyebeba mtoto begani, kisha hulipa bei ya gunia moja. Huko Kenya, kanuni za mwaka 2019 ziliweka kilo 50 kuwa ukomo wa gunia la viazi. Na huku kwetu Wakala wa Vipimo umekuwa ukiipiga vita lumbesa miaka mingi. Hata hivyo sheria haiwezi kusimama katika kila shamba. Dawa yake ni mkulima mwenyewe kujua kwamba gunia ni nguo ya mazao, wala si kipimo cha mazao.

Sasa tuingie katika elimu ya mizani yenyewe, na tutakwenda polepole.

Mizani ya kwanza ni ile ya mikono miwili. Hiyo haijui uzito. Yajua kulinganisha tu. Yasema, “Huyu ni sawa na huyu,” au “Huyu amshinda huyu.” Uzuri wake ni kwamba haiwezi kudanganywa na mahali ilipo, kwa maana dunia huvuta pande zote mbili sawasawa. Ubaya wake ni kwamba yataka mawe mengi mazito. Mzigo wa kilo 500 wataka mawe ya kilo 500.

Mizani ya pili yatumia werevu wa mti wa kunyanyulia. Kila mmoja wetu amepata kubingirisha jiwe kubwa kwa mti mrefu, akaona jinsi nguvu ndogo ya mbali inavyoshinda uzito mkubwa wa karibu. Kwa njia hiyo jiwe dogo juu ya mkono mrefu hulingana na mzigo mkubwa. Mizani kubwa ya kibao iliyo katika maghala yetu ya zamani ni ya ukoo huo. Mtu mmoja wa Marekani, jina lake Thaddeus Fairbanks, wa mji wa St. Johnsbury katika jimbo la Vermont, alipata hataza yake mwaka 1831. Naye hakuwa akipima dhahabu. Wakulima wa kwao walikuwa wakileta mikokoteni ya mimea itoayo nyuzi za kamba, na ili kuipima ilibidi mkokoteni mzima uninginizwe kwa minyororo. Alichoka na kazi ile, akachimba shimo, akaweka miti ya kunyanyulia chini ya kibao, mkokoteni ukapita juu yake. Mizani ya ghala, basi, ilizaliwa katika foleni ya wakulima waliokuwa wakingoja kuuza.

Mizani ya tatu ni ya kamani, ambayo wengi huiita springi, na hii ndiyo ile inayoning’inizwa kwenye mti gulioni. Mwingereza Robert Hooke alitangaza kanuni yake mwaka 1678: kadiri uvutavyo kamani, ndivyo inavyorefuka, uzito ukiwa mara mbili, urefu ulioongezeka huwa mara mbili. Ni nyepesi, ni rahisi, wala haitaki mawe. Lakini hapa pana siri ambayo kila mkulima yampasa aijue. Kamani hailinganishi kitu na kitu. Hupima jinsi dunia inavyouvuta mzigo, na dunia haivuti sawa kila mahali.

Mwaka 1672 Mfaransa mmoja, Jean Richer, alipelekwa Cayenne, katika Amerika ya Kusini, karibu na Ikweta. Alichukua saa yake ya timazi iliyokuwa sahihi kabisa huko Paris. Alipofika, saa ikachelewa dakika mbili na nusu kila siku. Hakuwa ameiharibu. Timazi huanguka kwa kuvutwa na dunia, na kule Cayenne mvuto ulikuwa mdogo kuliko Paris. Wataalamu walipofikiri, wakafahamu kwamba dunia si duara kamili. Imebinyika kidogo kwenye ncha zake na kutuna kiunoni, nayo yazunguka kwa kasi zaidi hapo kiunoni. Kwa sababu hizo mbili, mtu aliye Ikweta huvutwa pungufu ya yule aliye kwenye ncha, kiasi cha nusu kilo katika kila kilo 100.

Sisi twakaa hapo hapo kiunoni. Mizani ya kamani iliyorekebishwa London, ikaletwa Afrika Mashariki na kutumiwa bila kupimwa tena, itaonyesha pungufu ya theluthi moja ya kilo katika kila kilo 100, hata kama mwenye mizani ni mtu mwaminifu kabisa. Theluthi moja ya kilo ni konzi chache za pamba, naam. Lakini zidisheni kwa magunia ya kijiji, na kwa vijiji vya wilaya, na kwa misimu. Ndiyo sababu mkaguzi wa vipimo huja na mawe yake mpaka pale pale mizani inapotumika, wala hatosheki na karatasi ya kiwandani.

Mizani ya nne ni hizi za umeme zenye tarakimu zinazong’aa. Wengi huziamini kwa kuwa zinang’aa. Ndani yake mna kipande cha chuma kilichobandikwa uzi mwembamba wa madini. Mzigo ukikaa, chuma hupinda kidogo sana ambacho jicho haliwezi kukiona, uzi hunyooka, na umeme hupita kwa shida zaidi. Bwana William Thomson, aliyeitwa baadaye Lord Kelvin, alieleza mwaka 1856 kwamba waya ukivutwa hubadili jinsi unavyopitisha umeme. Nao Wamarekani wawili, Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kwa upande wake, walitengeneza kifaa chenyewe mwaka 1938. Lakini hii nayo hupima mvuto, kama dada yake wa kamani. Nayo yataka kupimwa kwa mawe. Tarakimu zaweza kung’aa na kusema uongo.

Hata kilo mama haikusalimika. Mwaka 1875, tarehe 20 Mei, mataifa 17 yalitia sahihi mkataba wa vipimo, na mwaka 1889 kilo moja ya platini na iridi ikafanywa kuwa kilo ya dunia nzima, ikafungiwa huko Sèvres, karibu na Paris, chini ya vifuniko vya kioo. Nakala zake zikapelekwa nchi mbalimbali. Baada ya miaka mia moja zililinganishwa, ikaonekana kwamba kilo mama na nakala zake zimeachana kwa kiasi kidogo mno, kama uzito wa chembe ndogo ya mchanga. Mwaka 2018 mataifa yakapiga kura kuacha kipande kile, na tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo hutambuliwa kwa kanuni ya maumbile ambayo haichakai wala haishiki kutu. Kama kilo ya dunia, iliyofungiwa chini ya vioo, ilihitaji kukaguliwa, sembuse mizani yetu iliyo katika vumbi?

Bwana Mwenyekiti, hapa twaomba ruhusa tuseme habari ya nyumbani, ambayo haikuandikwa katika taarifa zetu kwa urefu unaostahili.

Katika msimu wetu wa tatu, alifika kwenye chama kimoja cha msingi mama mmoja mwenye mzigo wa pamba. Kabla ya kupima mzigo wake, alipanda yeye mwenyewe juu ya mizani. Karani akacheka. Mama akamwambia, “Mwanangu, jana zahanati wamenipima kilo 61. Leo hapa ni kilo 59. Usiku mmoja hauli kilo mbili za mtu mzima.” Watu wakacheka zaidi. Yeye hakucheka, wala hakushuka.

Twashukuru kwamba Katibu wa chama kile alikuwa mtu wa busara. Alisimamisha ununuzi, akatuita. Tukaja na mawe yenye muhuri, tukaweka kilo 60. Mizani ikasema 58. Tulipoinua kibao tulikuta udongo na nyuzi za pamba zimeshikamana chini, zimekuwa kama mto, nazo zimeubeba sehemu ya mzigo. Hakuna aliyeiba. Lakini wanachama walikuwa wamepunjika, tena katika nyumba yao wenyewe.

Halmashauri ilikaa mchana kutwa. Wako waliosema tusafishe mizani na tunyamaze, kwa kuwa chama ni kichanga na habari hiyo itawafurahisha adui zetu. Wako waliosema fedha ya kulipa itatoka katika ziada ya wanachama wote. Hoja hizo hazikuwa za kipuuzi. Mwisho mjumbe mmoja mzee aliuliza, “Tuliunda chama hiki kwa sababu gani?” Baada ya swali hilo hapakuwa na mjadala mrefu. Kila mzigo ulioandikwa tangu ukaguzi wa mwisho ulihesabiwa upya, na kila mwanachama akalipwa alichopungukiwa. Mwaka ule ziada ilikuwa ndogo. Mwaka uliofuata, waliouza kwetu waliongezeka.

Swali la mzee yule lina historia. Tarehe 21 Desemba 1844, huko Rochdale, Uingereza, watu 28, baadhi yao wafumaji maskini, walifungua duka dogo la unga, siagi, sukari na oti. Walikuwa wamechoka kuuziwa unga uliochanganywa na takataka na vipimo visivyotimia. Wakaweka miongoni mwa kanuni zao kwamba duka lao litauza bidhaa safi kwa uzito kamili. Hapa kwetu, wakulima wa pamba wa Usukuma katika miaka ya 1950 walikuwa na manung’uniko mengi juu ya wanunuzi, na moja kubwa lilikuwa mizani. Kutokana na manung’uniko hayo vyama viliunganishwa chini ya uongozi wa Bwana Paul Bomani, na mwaka 1955 likapatikana Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuwa kubwa sana katika Afrika nzima. Ushirika, basi, ni mtoto wa mizani ya uongo. Ole wake mtoto akirithi tabia ya mzazi!

Neno moja bado, nalo lahusu ugomvi wa kila mwaka. Mahindi yaliyoingia ghalani kilo 100 hutoka kilo 94, watu wakamtazama mtunza ghala kwa jicho baya. Hesabu ni hii. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 yana kilo 18 za maji na kilo 82 za mahindi yenyewe. Yakikauka mpaka asilimia 13, zile kilo 82 zimebaki zote, lakini uzito wa jumla umekuwa kilo 94 na robo. Karibu kilo 6 zimekwenda na upepo, na mwizi ni jua. Basi mtunza ghala asihukumiwe kabla ya kupimwa unyevu. Naye asijifiche nyuma ya jua ikiwa mazao yaliingia yakiwa makavu. Kipimo cha unyevu huwalinda wote wawili.

Twamalizia kwa maombi machache kwa msimu ujao. Kila mwanachama atazame mshale kabla ya mzigo wake kupanda, ahakikishe umesimama kwenye sifuri. Aone gunia tupu likipimwa na uzito wake kuondolewa, wala usikisiwe. Atazame muhuri wa mkaguzi wa vipimo, kama ni wa mwaka huu. Kila chama cha msingi kiwe na jiwe moja la kilo 20 lenye muhuri, na liwekwe mahali ambapo mwanachama yeyote aweza kulitaka, bila kuomba na bila kuchekwa. Nao makarani wasafishe chini ya kibao kila asubuhi kabla ya kufungua daftari.

Tuliwaomba mkumbuke Waakan, ambao muuzaji na mnunuzi kila mmoja alipima kwa mizani yake. Hawakufanya hivyo kwa sababu walichukiana. Walifanya hivyo ili waendelee kufanya biashara kesho. Mwanachama anayeuliza juu ya mizani asidhaniwe kuwa mkorofi. Huyo ndiye mlinzi wa chama. Yule mama angalinyamaza siku ile, pengine leo tungekuwa na mkutano mdogo kuliko huu.

Miaka kumi imepita, na mizani imetuhukumu kila msimu. Twamwomba Mwenyezi Mungu aijalie miaka kumi ijayo mvua ya kutosha na bei ya haki. Lakini uzito kamili hatuuombi kwa Mungu, kwa kuwa huo ameuweka mikononi mwetu.